Anywaye Damu Asife, na Atoaye Damu Wengine Waishi

Likizo ya Disemba iliyopita tulipanda bara, mimi na mama yangu, kumzuru dada yangu aliyeolewa Nyansiongo. Msomaji wa pwani ambaye hajafika huko na apige picha ya nchi isiyofanana na yetu hata kidogo. Nyansiongo imo Borabu, katika Kaunti ya Nyamira, karibu na mpaka wa Sotik. Ni nchi ya vilima vya kijani, majani chai yaliyokatwa sawasawa mithili ya zulia, na ng'ombe wa maziwa. Zamani yalikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu. Baada ya uhuru yaligawanywa, wakapewa wananchi kuwa makazi yao. Jioni ukungu hushuka na baridi huingia mifupani, na mtu wa Mombasa hujikuta amejifunika leso tatu na bado meno yanagongana.

Waislamu huko si wengi. Adhana tuliisikia katika simu, na swala ya jamaa ilikuwa sebuleni kwa dada yangu, wanaume mbele na sisi nyuma. Baada ya Isha, wajukuu walimzunguka bibi yao kando ya jiko la makaa. Usiku mmoja vijana walileta kompyuta, wakasema wamepata sinema ya zamani sana, isiyo na sauti wala rangi, iliyotengenezwa kabla hata Bibi hajazaliwa. Mama alicheka, akasema, "Haya, wanangu, tuione hiyo iliyonizidi umri."

Sinema hiyo ilikuwa *Nosferatu*.

Kisa cha kabaila asiyekufa

*Nosferatu* ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin, Ujerumani, mwaka 1922. Mwongozaji wake alikuwa F. W. Murnau, na aliyeigiza lile zimwi ni Max Schreck. Kijana mmoja, dalali wa nyumba, anamwacha mkewe na kusafiri hadi milima ya Transylvania kumuuzia nyumba kabaila mmoja aitwaye Orlok. Kabaila huyo anaishi peke yake katika kasri bovu. Mchana hulala ndani ya jeneza, na usiku huamka kutafuta damu ya walio hai, kwani damu hiyo ndiyo inayomwepusha na mauti. Akishanunua nyumba, anapanda jahazi pamoja na majeneza yaliyojaa udongo na panya. Mabaharia wanakufa mmoja baada ya mwingine. Jahazi linapotia nanga mjini, tauni inashuka nalo.

Mwishowe ni mwanamke, mke wa yule dalali, anayeuokoa mji. Anagundua kwamba zimwi hilo litaangamia iwapo mwanamke mwenye moyo safi atalikalisha hadi jogoo awike. Anajitolea nafsi yake. Jogoo anawika, jua linachomoza, na kabaila anatoweka kama moshi. Mwanamke naye anakufa.

Sinema za namna hii huitwa za gothiki: makasri ya kale, makaburi, vivuli ukutani, na mtu aliyekataa kufa. Chimbuko la kisa ni riwaya ya *Dracula* ya Bram Stoker, mwandishi wa Ireland, iliyochapishwa mwaka 1897. Watengenezaji wa *Nosferatu* hawakuomba ruhusa. Walibadilisha majina tu, na mjane wa Stoker akawashitaki. Mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani iliamuru nakala zote za sinema zichomwe. Nakala chache zilikuwa zimekwisha kuenea nchi nyingine, nazo zikasalia. Ndiyo maana vijana wa Nyansiongo waliweza kuitazama baada ya miaka zaidi ya mia moja.

Mama alitazama kimya mpaka mwisho. Kisha akasema neno moja: "Mumiani."

Mumiani wa pwani yetu

Wasomaji wetu wa makamo hawahitaji kuelezwa neno hilo. Mama alikulia Mji wa Kale, Mombasa. Anasema kila magharibi watoto waliitwa ndani kwa tishio moja: asiyeingia atachukuliwa na mumiani, atanyongwa kichwa chini miguu juu, na damu yake itakingwa ndooni ikafanywe dawa. Gari jekundu la zimamoto likipita, watoto walitawanyika vichochoroni kama kuku walioona mwewe.

Neno lenyewe lina safari ndefu. Asili yake ni Kiajemi na Kiarabu, na lilitaja kitu cheusi kama lami au nta kilichochimbwa milimani Uajemi, ambacho matabibu wa kale walikitumia kutibu mifupa iliyovunjika na maumivu. Jina hilo hilo likapewa maiti za Misri ya kale zilizokaushwa, kwa kuwa zilionekana kama zimepakwa lami. Huko Ulaya, kwa karne kadhaa, wauza dawa walisaga maiti hizo na kuwauzia wagonjwa unga wake. Kamusi kubwa ya Kiswahili kwa Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyotoka mwaka 1939, inalieleza neno hilo kuwa ni dawa itokayo Uajemi, kisha inaongeza kwamba wenyeji wengi waliamini ni damu ya watu waliouawa.

Wakati wa ukoloni hofu hiyo ilienea Afrika Mashariki yote. Nairobi walioogopwa ni wazimamoto, na Kampala waliitwa bazimamoto. Mwanahistoria wa Marekani, Luise White, aliwahoji wazee wa Kenya na Uganda juu ya habari hizo, akatoa kitabu mwaka 2000. Hakuandika ili kuthibitisha kwamba damu ilinyonywa kweli. Alitaka tuelewe kwa nini watu wengi, katika nchi mbalimbali, walisimulia jambo moja. Walikuwa wakiishi chini ya utawala uliochukua ardhi yao, nguvu zao na vijana wao bila kuwauliza. Hata pale Borabu, ng'ombe na majani chai vilikuwa vya wengine, na jasho lilikuwa lao. Haishangazi kwamba mtu wa namna hiyo alipomwona mgeni mwenye sindano na gari lililofungwa, alidhani ni damu yake inayotafutwa.

Tofauti ya hadithi zetu na ya kabaila Orlok ni hii. Mumiani wa pwani hutafuta damu ya kuuza au kufanyia dawa, naye mwenyewe ni mtu wa kufa kama sisi. Orlok hutafuta damu ili asife kabisa. Hapo ndipo mjukuu mdogo, mwenye miaka 12, alipouliza swali lililonifanya niandike makala haya: "Bibi, kwani kuishi milele ni kubaya?"

Mti wa milele

Swali hilo si la kitoto. Baba yetu Adam, amani iwe juu yake, aliponzwa kwa njia hiyo hiyo. Katika Sura Taha, aya ya 120, tunasoma kwamba Iblis alimshawishi kwa kumtajia mti wa kuishi milele na ufalme usioisha. Kumbe tamaa ya kutokufa ndiyo chambo cha kwanza kuwahi kutegwa mbele ya mwanadamu.

Tena tuzingatie ni nani aliyeomba kurefushiwa umri. Katika Sura Al-Hijr, baada ya kufukuzwa, Iblis aliomba apewe muhula hadi siku ya kufufuliwa, naye akapewa muhula mpaka wakati maalumu. Ameutumia umri huo mrefu kupoteza watu. Katika Sura Al-Baqara, aya ya 96, wametajwa watu ambao mmoja wao hutamani lau angeishi miaka elfu, na tumeambiwa kwamba umri huo usingemwondolea adhabu. Na katika Sura Al-Anbiya, aya ya 34, Mwenyezi Mungu amebainisha kwamba hakuna mwanadamu yeyote aliyepewa kuishi milele duniani, hata Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wa sallam.

La ajabu ni kwamba sinema zenyewe, ingawa watengenezaji wake si wa imani yetu, hufikia ukingo wa maana hiyo. Hakuna mnyonya damu mwenye furaha ndani yake. Orlok hana mke, hana mtoto, hana jirani. Hawezi kuliona jua. Chakula chake ni kifo cha mwingine. Ameongezewa miaka na kunyang'anywa kila kinachoifanya miaka iwe na ladha.

Ipo sinema nyingine ya aina hii, ya mwaka 1994, *Interview with the Vampire*, iliyoongozwa na Neil Jordan kutokana na riwaya ya mwaka 1976 ya Anne Rice. Siipendekezi kwa watoto, ila historia yake inafaa kujulikana na kila mama. Anne Rice alikuwa na binti mdogo aliyefariki mwaka 1972, kabla ya kutimiza miaka sita, kwa saratani ya damu. Mama huyo, katika msiba wake, aliandika riwaya ambayo ndani yake mna mtoto wa kike anayegeuzwa kuwa mnyonya damu ili asife. Mtoto yule hafi wakati ule. Lakini hakui pia. Miongo inapita, akili yake inakuwa ya mwanamke mzima, na mwili wake unabaki wa mtoto, hata anawachukia waliomfanyia hivyo. Mama aliyempoteza mwanawe kwa maradhi ya damu alimwandikia mtoto wa kitabuni damu isiyokauka, kisha kalamu yake mwenyewe ikakiri kwamba hilo si rehema.

Sisi tumefundishwa faraja nyingine. Mtoto wa Muislamu aliyefariki mdogo hakufungiwa katika umri wake kama mfungwa. Amekwenda kwa Mola wake, na wazazi waliosubiri wana bishara njema juu yake. Kwetu kifo ni mlango, na atakayeuzibia mlango huo nyumba yake amejifungia yeye mwenyewe ndani.

Zimwi linapopewa uso wa jirani

Shemeji yangu alisikiliza yote hayo, kisha akasema jambo lililotunyamazisha. "Sinema ikiisha mnazima. Huku kwetu kuna waliochomwa."

Alisema kweli. Mei mwaka 2008, katika Kisii, wazee 11, wengi wao wanawake, walichomwa moto hadi kufa na kundi la watu waliowatuhumu uchawi. Oktoba mwaka 2021, katika eneo la Marani, huko huko Kisii, wanawake wanne wakongwe waliuawa kwa tuhuma hizo hizo. Wala watu wa pwani tusiinue vichwa. Kilifi wazee wameuawa mwaka baada ya mwaka kwa sababu ya mvi na macho mekundu, hata ikabidi baadhi yao wapewe hifadhi Kaya Godoma, Ganze. Na huko Malawi, mwaka 2017, uvumi wa wanyonya damu ulienea wilaya za Mulanje na Phalombe. Watu kadhaa waliuawa na makundi yenye hasira, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake kwa muda.

Angalieni mzunguko huo. Mwanadamu anaogopa kifo. Kifo kinapomfika mtoto au ng'ombe, hakubali kwamba ajali imefika, bali anamtafuta aliyemnyonya. Aghalabu anayeonekana ni bibi kizee anayeishi peke yake, asiye na mume wala mwana wa kumtetea. Ndani ya sinema zimwi lina kucha ndefu na masikio ya popo. Mtaani linavikwa sura ya jirani aliyewahi kukupakata ulipokuwa mchanga. Dhana nyingine ni dhambi, nasi tumeonywa hivyo katika Sura Al-Hujurat. Basi dhana inayowasha kibiriti itakuwaje?

Mifuko mitatu

Mpwa wangu, binti wa kwanza wa dada yangu, alikuwa amekaa pembeni akimnyonyesha mwanawe. Hakuwa amesema neno. Sasa akatabasamu, akasema, "Mwanitafutia mumiani mbali. Mnyonya damu wa nyumba hii ni mimi. Nimekunywa mifuko mitatu."

Ni kweli. Alipojifungua alivuja damu isiyosita. Hili ndilo linaloongoza kwa kuwaua wazazi nchini mwetu na duniani kwa jumla: mama anajifungua salama, watu wanaanza kupongezana, na ndani ya saa mbili hayupo tena. Mtu mzima ana takriban lita tano za damu, na akipoteza mbili katika muda mfupi, mauti yako karibu. Mpwa wangu aliwekewa mifuko mitatu iliyotolewa na watu watatu asiowajua majina wala dini. Pengine mmoja alikuwa mwanafunzi, mwingine mchuma chai. Wako hai huko waliko, wala hawajui kwamba yupo mtoto anayenyonya Nyansiongo kwa sababu yao.

Hapo Mama aliinamisha kichwa. Ikambidi atoe siri aliyokaa nayo. Usiku ule wa kuvuja damu, simu ilipigwa Mombasa kutupasha habari. Ndugu wa mzazi, kijana wa miaka 18, aliombwa akatoe damu kufidia ile ya akiba. Mama ndiye aliyekataza. "Nilisema mwanangu asitolewe damu, hao wanaiuza. Nilikuwa na hofu ya mumiani, mimi mtu mzima niliyehiji. Mjukuu wangu mmoja analala anakufa, nami namzuia mwingine asimsaidie. Lau wote wangekuwa na bibi kama mimi, leo tungekuwa tunamsomea khitma."

Hakuna aliyemlaumu. Lakini wengi wetu tunamfahamu mtu aliyesema maneno hayo hayo, na huenda ni sisi.

Wanazuoni wengi wa zama zetu wamejuzisha kumpa mgonjwa damu panapokuwa na dharura, kwa sharti kwamba mtoaji asidhurike na damu isifanywe bidhaa. Kunywa damu ni haramu kwa nasi ya Qur'ani. Kuitoa ili nafsi iokoke ni jambo jingine kabisa, na Sura Al-Maida, aya ya 32, imelinganisha kuhuisha nafsi moja na kuhuisha watu wote. Kwa utaratibu wa nchi yetu, anayeruhusiwa kutoa ni mwenye afya njema, umri kati ya miaka 16 na 65, na uzani usiopungua kilo 50. Huchukuliwa kiasi cha mililita 450, chini ya nusu lita, kwa dakika chache. Mwanamume aweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Mwenye mimba na anayenyonyesha hawatoi. Sindano ni mpya na hutupwa baada ya mtu mmoja. Anayeshuku kwamba damu inauzwa na aulize papo hapo, kwani ni haki yake. Kukaa nyumbani na kunong'ona hakujamwokoa mzazi yeyote.

Na tazameni hekima ya Muumba. Hata damu yenyewe si ya milele. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi mwilini, kisha hufa na nyingine huumbwa. Ikiwekwa kwenye mfuko ndani ya baridi, hudumu wiki tano hadi sita, na ikipita hapo hutupwa. Damu usiyoitoa haikuongezei hata siku moja. Itakufa ndani yako kimya kimya, na yule aliyeihitaji amekwisha kuzikwa.

Jibu la Bibi

Mjukuu mdogo hakusahau swali lake. Akamrudia bibi yake, na Mama akamjibu taratibu: "Kutamani kuishi si kubaya, mwanangu. Mtume ametufundisha kwamba mbora wetu ni yule uliorefuka umri wake na amali yake ikawa njema. Ubaya ni kutaka kuishi kwa kumla mwenzio. Yule wa kwenye sinema amechukua damu ya watu, na jua lilipotoka hakubakisha kitu. Waliompa dadako damu watakufa, nasi tutakufa, ila walichotoa kinatembea."

Ndiyo sadaka yenye kuendelea, pamoja na elimu yenye manufaa na mtoto mwema anayemwombea mzazi wake. Hayo matatu yametajwa katika hadithi sahihi kuwa hayakatiki mtu anapokufa.

Wazazi wenzangu wataniuliza kama vijana waachiwe sinema hizi. Nionavyo, nyingi za siku hizi zimejaa uchafu na ukatili na hazifai kuingia nyumbani. Lakini tusidhani kwamba kuzima kompyuta kunatosha. Watoto wetu watazitazama kwingineko, na watabaki na swali la yule mjukuu bila mtu wa kuwajibu. Heri mzazi akae nao, achague, kisha waulizane: huyu anaishi kwa kutoa au kwa kuchukua? Na bibi kizee wa jirani, ambaye watoto wenzao wanamkimbia, nani atampelekea maziwa kesho?

Siku tatu baadaye kijana aliyezuiwa kutoa damu alikwenda na baba yake hospitalini, akatoa. Aliporudi, bibi yake alimngoja mlangoni na tende na kikombe cha maziwa, akamshika mkono uliofungwa pamba, akaubusu.

Alfajiri ya siku ya kuondoka kwetu ukungu ulikuwa mzito, na jogoo wa jirani akawika. Watoto walicheka wakimkumbuka kabaila. Mama akawaambia kwamba sisi tumefundishwa, tukisikia jogoo akiwika, tumwombe Mwenyezi Mungu katika fadhila zake, kwani jogoo ameona malaika. Akainua mikono. Aliomba mwisho mwema, na umri wenye kuwafaa wengine. Nasi tukaitikia amin.